Visima Vilivyofukiwa

Fungu tutakalo kulitafakari pamoja nanyi mwezi huu limo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, tangu mstari wa 12 hata wa 22. Twawaomba walimu na wainjilisti walisome kwanza polepole, kwa sauti, mahali penye watu; kisha waurudie mstari wa 18, maana katika mstari huo ndimo ulimo mzigo wa maneno yetu yote.

Habari yenyewe ni hii. Isaka, akiwa mgeni katika nchi ya Gerari, alipanda mbegu wakati wa njaa, na Mungu akambariki, akavuna mara mia. Makundi yake yakazidi, na wenyeji wakamwonea kijicho. Walifanya nini? Hawakumpiga, wala hawakuichoma moto hema yake. Walivijaza udongo visima ambavyo watumishi wa Ibrahimu, baba yake, walikuwa wamevichimba zamani. Ninyi mlio wafugaji mwajua maana ya tendo lile. Mwenye ng'ombe akifukiwa kisima amekwisha kufukuzwa, hata kama hakuna aliyemwambia neno. Mfalme naye akamtaka aondoke, naye akaondoka, akapiga kambi bondeni. Hapo akaanza kazi, na kazi yake ya kwanza haikuwa kutafuta kisima kipya. Alivifukua vile vya baba yake, akavirudishia majina yale yale ambayo baba yake alivipa.

Wahubiri wengi huupita upesi mstari huo, kwa kuwa hauna mwujiza ndani yake. Hakuna fimbo ipigayo mwamba, wala Mungu amwonyeshaye Hajiri maji jangwani. Kuna watu wenye majembe tu, na udongo utolewao shimoni kikapu kwa kikapu. Lakini sisi twauona kuwa mstari wa vijiji vyetu hasa.

Tazameni kijiji katika nchi kavu ya Singida au Dodoma. Mvua ni ya musimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Miezi iliyobaki mbingu hazitoi kitu. Mto upo, lakini ni mto wa mchanga. Wanawake huchimba mashimo katika mchanga ule, hukaa ukingoni wakingoja maji yajikusanye, wakayateka kwa kata, moja moja, hata ndoo ijae. Kadiri kiangazi kizidivyo, ndivyo shimo lizidivyo kwenda chini, na ndivyo akina mama wazidivyo kuondoka mapema: kwanza alfajiri, kisha jogoo la kwanza, mwisho usiku wa manane. Ndoo ya lita 20 ni mzigo wa kilo 20 juu ya kichwa. Sera ya maji ya serikali ya Tanzania ya mwaka 2002 iliagiza ya kwamba kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, katika mwendo usiozidi mita 400 toka nyumbani kwake, na kituo kimoja cha kuteka kiwe cha watu 250. Hesabuni wenyewe. Nyumba ya watu sita yahitaji lita 150, yaani ndoo saba na nusu. Mama atokaye mtoni baada ya saa nne na ndoo moja, na binti yake nyuma akichukua dumu, hawezi kabisa kuifikia hesabu hiyo.

Basi nyumba hupunguza. Hupunguza kwanza kunawa mikono, kisha kuosha nyuso za watoto. Hapo ugonjwa wa vikope, ambao watu wa Kongwa wameujua muda mrefu, hupata mlango. Nzi hutua katika macho machafu, hutoka kwa mtoto huyu hata kwa yule. Macho huumwa tena na tena mpaka kope hupinda ndani na kukwaruza mboni, na mtu mzima akapofuka kwa ugonjwa ulioanza alipokuwa mgongoni mwa mama yake. Kuhara nako huwachukua wadogo. Na binti yule mwenye dumu, ambaye jina lake limo katika daftari la shule, siku nyingi hafiki shuleni, au hufika jua limekwisha kupanda, akasinzia.

Wako wasemao, Mbona mwanena maji tu? Je, barabara? Je, zahanati na shule? Hatuyadharau hayo. Lakini zahanati ikijengwa mahali pasipo maji, mama ajaye kujifungua huambiwa aje na maji yake. Shule ikijengwa vivyo hivyo, mtoto huja na dumu mkono mmoja na daftari mkono mwingine. Kwa hiyo twaanza na maji.

Na jambo lituumalo zaidi ni hili, kwamba katika vijiji vingi vya namna hiyo kisima kipo. Kimejengwa kwa saruji nzuri, na juu yake pamebandikwa kibao chenye tarehe na jina la aliyetoa fedha. Mpini umesimama juu, haushuki. Mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya pampu. Wanawake hupita hapo usiku na ndoo zao wakienda mtoni, wala hawageuki kukitazama. Serikali ilipovihesabu vituo vya maji vya vijijini nchini Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2010, ilionekana ya kuwa karibu vinne katika kila kumi havitoi maji. Hebu fikirini: visima vilivyochimbwa, vikalipiwa, vikaombewa na kufunguliwa kwa ngoma na vigelegele, vimekufa.

Nani basi aliyevijaza udongo?

Yafaa tujue habari hii tangu mwanzo, tusimlaumu mtu bure. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20, ili ifikapo 1991 kila mtu wa kijijini apate maji safi katika mwendo wa mita 400. Lilikuwa shauri jema, nasi hatuwacheki waliolitoa. Maji yalikuwa bure. Serikali ilichimba, ilileta mashine, ilinunua dizeli, ilimlipa mtunza mashine. Watu wa kijiji walipewa maji kama mtoto apewavyo uji. Lakini bei ya mafuta ulimwenguni ilipanda sana mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Tena palikuwa na vita na Idi Amin, 1978 na 1979. Hazina ikapungukiwa. Mashine ilipokosa dizeli ilisimama. Kipuri kilipovunjika, kijiji kilingoja wilaya, wilaya ikangoja mkoa, mkoa ukangoja Dar es Salaam, na Dar es Salaam ikangoja meli. Hata ulipofika mwaka 1991, watu wa vijijini waliopata maji safi walikuwa chini ya nusu.

Mwaka ule ule serikali ilitoa sera mpya, ikiwataka wananchi washiriki katika kazi na kuchangia gharama. Ile ya 2002 ilisema wazi zaidi, ya kwamba watu wa kijiji ndio wenye mradi, nao ndio walipe gharama za kuuendesha na kuutunza. Sheria ya mwaka 2009 iliweka vyombo vya watumia maji. Sheria ya 2019 ikaanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ndiyo RUWASA, na vyombo vya jamii chini ya usimamizi wake. Sheria ni njema. Lakini sheria haishuki kisimani kubadili mpira.

Maana neno lote huishia katika mpira. Ndani ya pampu ya mkono, chini kabisa, mna kipande cha mpira cha duara, kisichozidi kiganja. Kila mpini upigwapo, mpira ule huyainua maji na kuyazuia yasirudi chini. Kwa kuwa husugua bomba mchana kutwa, hulika. Hivyo ndivyo ulivyo, wala si kosa la mtu. Bei yake haifiki bei ya mbuzi. Fundi mwenye spana na wasaidizi wawili aweza kuubadili kwa nusu siku. Tena haufi ghafula. Kwanza mpini hupigwa mara kumi kabla ya maji kutoka, mwezi ujao ishirini, kisha hamsini, na kila mama atekaye huyajua hayo katika mikono yake. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu huonekana miezi kadhaa kabla ya ukuta kuanguka.

Kwa nini basi haukuzibwa? Kwa sababu fedha haikuwapo. Na kwa nini haikuwapo, hali kila nyumba ilichanga? Hapo watu hutazamana. Daftari lipo, kurasa za kwanza zimeandikwa vizuri kwa kalamu ya wino, kisha kurasa nyeupe. Mweka hazina aliazimwa na ndugu yake, naye akashindwa kumkatalia. Safari moja ya kwenda mjini kutafuta kipuri ilikula fedha ya vipuri vitatu. Watu walipouliza mkutanoni waliambiwa wasivunje amani ya kijiji. Basi wakaacha kuchanga, nasi hatuwezi kuwaita wabaya kwa hilo, maana mtu haweki nafaka katika ghala lililotobolewa na panya. Wafilisti walivijaza visima vya Ibrahimu kwa majembe mchana mweupe. Vya kwetu vimejazwa kidogo kidogo, na walioona wamenyamaza, na wengi wa walionyamaza, ndugu, huketi katika mabenchi ya kanisa siku ya Jumapili.

Lakini tukisema haya, Wakristo wengine hutujibu, na majibu yao yastahili kupimwa.

Wa kwanza husema, Hayo ni mambo ya mwili na ya serikali. Kazi ya kanisa ni Neno na sakramenti. Huyo twamwomba afungue Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Luther mwaka 1529, asome tena maelezo ya ombi la nne katika Sala ya Bwana. Alijifunza maneno hayo kabla ya kipaimara, pengine akayakariri bila kuyasikia. Luther auliza mkate wa kila siku ni nini, naye hataji unga tu. Ataja chakula na kinywaji, nguo na viatu, nyumba na shamba na mifugo. Tena ataja serikali njema, na afya, na hali ya hewa ifaayo. Na karibu na mwisho ataja majirani waaminifu. Angalieni jambo hilo. Jirani mwaminifu ni mkate. Mweka hazina wa maji asiyeiba ni jibu la sala tunayoisali kila siku, naye aibaye amemnyang'anya mtoto wa jirani mkate ambao yeye mwenyewe alisimama kanisani akauomba.

Wa pili husema, Tumelipa kodi, na serikali ifanye. Huyo ana haki kwa sehemu. Kuchimba kisima kirefu katika mwamba si kazi ya kijiji maskini. Kuyapima maji si kazi ya kijiji pia: katika sehemu za Singida, na za Arusha kando ya mlima Meru, maji mengine yana floridi nyingi, ambayo hutia meno rangi ya kahawia, na ikizidi sana hupinda mifupa ya watoto, wala hakuna ulimi uwezao kuionja. Hayo twayadai kwa serikali bila haya. Mzee wa usharika anaposimama mkutanoni kumwuliza diwani, maji yetu yamepimwa lini na majibu yako wapi, hafanyi uasi. Afanya kazi ya uzee wake. Lakini atakayengoja serikali ije kubadili mpira wa kiganja kimoja katika kila kijiji, na angoje pamoja na wale wa mwaka 1979.

Wa tatu ni maskini mwenyewe, naye husema, Maji ni ya Mungu, mbona mwayauza? Huyo hatumkemei. Twamwambia kwa upole, Ndiyo, ndugu, maji ni ya Mungu, lakini mpira ni wa dukani. Wewe hulipii maji. Walipia njia ya kuyainua.

Tena tusidhani ya kwamba kutunza maji kwa pamoja ni elimu ngeni iliyoletwa na wafadhili. Katika mlima Kilimanjaro, kabla Mzungu yeyote hajaukanyaga, Wachaga walikuwa wamekwisha kuchimba mifongo, yaani mifereji iletayo maji toka mito ya mlimani, ipite kandokando ya miteremko hata migombani. Waliichimba kwa vyombo vya miti na kwa jicho tu, hali mteremko ukizidi kidogo maji hubomoa, na ukipungua kidogo maji husimama. Kila mfongo ulikuwa na mwenyewe, ukoo wa yule aliyeuanzisha, na mkubwa wake aliyegawa zamu: leo asubuhi nyumba hii, jioni nyumba ile. Maji ya usiku yalikusanywa katika bwawa dogo liitwalo nduwa. Na Wapare jirani zao huliita bwawa la namna hiyo ndiva. Siku ya kuzibua mfereji watu wote waliitwa. Asiyekuja alitozwa faini, na asiyetoa faini alinyimwa zamu yake mpaka alipe. Hakuna aliyeona neno hilo kuwa ukali. Mifongo mingi imekwisha kuachwa siku hizi, lakini mingine yatumika hata leo, na ukiuliza kwa nini huu umeishi na ule umekufa, mara nyingi hutaonyeshwa mwamba wala mvua. Utaambiwa ya kwamba hapa watu huitikia wito, na pale wameacha.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyekuja mwaka 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho 1938, akafanya kazi miaka mingi huko Moshi ya Kale, aliyachungulia sana mambo hayo. Aliona ya kuwa ukoo, na ujirani, na rika ni vifungo ambavyo Mungu amewapa watu, na kwamba usharika wafaa kujengwa juu yake wala usivivunje. Wengine walimpinga, wakasema ayapenda mno mambo ya kale, na huenda walikuwa na sababu. Lakini kwa habari ya maji twaona alisema kweli. Kamati ya maji iliyoandikwa ofisini na kupigwa mhuri, isipokuwa na ujirani ndani yake, haiwezi kumwita mtu hata mmoja kuja kuzibua.

Na Walutheri, wao hasa, wana mfano mwingine wa kale, nao watoka Saksonia, nchi ile ile ambayo wamisionari wa Leipzig walitoka walipokuja Machame mwaka 1893. Katika mji mdogo uitwao Leisnig, mwaka 1523, usharika ulipatana kuweka sanduku moja la watu wote, na Luther aliandika dibaji ya mapatano yao. Fedha ya sanduku iliwekwa kwa ajili ya mchungaji na shule, wagonjwa, yatima na wazee, majengo ya watu wote, tena kwa kuweka akiba ya nafaka wakati wa njaa. Walichagua wasimamizi kumi: wawili toka kwa wakubwa, wawili toka baraza la mji, watatu toka kwa watu wa mjini, na watatu toka kwa wakulima wa vijiji vya jirani. Na sanduku lenyewe lilikuwa na kufuli nne mbalimbali, na kila kundi katika hayo manne lilishika ufunguo wake. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake, hata awe mkubwa kuliko wote. Mkulima alikuwa na ufunguo wake kama mkubwa. Twapenda kuongeza ya kwamba mambo hayakwenda laini hata huko, maana baraza la mji lilisita kuachia mali, na Luther mwenyewe alisumbuka nalo. Watu wa Leisnig walikuwa wanadamu. Ndiyo sababu walihitaji kufuli nne.

Tunawaza juu ya kufuli zile kila tunaposikia ya kuwa fedha ya kisima imewekwa kwa mtu mmoja kwa sababu yeye ni mtu mwema. Mtu mwema ndiye wa kuonewa huruma kwanza. Ndugu yake mgonjwa atamjia usiku, na fedha i chini ya kitanda chake. Siku hizi wengine huiweka katika simu ya mweka hazina, wakadhani wameendelea. Lakini simu ni mfuko wa mtu mmoja mwenye namba ya siri moja. Basi wazee wa sharika, mkiwa na neno lolote la kushauri kijijini kwenu, shaurini hili: fedha isitoke bila watu watatu au wanne wa nyumba mbalimbali kukubali na kutia sahihi, na mmoja wao awe mama atekaye maji mwenyewe. Wanawake ndio waujuao mpini. Wao hujua siku ile ile ulipoanza kuwa mzito. Kuwaweka katika kamati ili wapike chai ya mkutano ni kuziba sikio lisikialo. Tena hesabu isomwe mbele ya watu wote kila mwezi, kwa sauti, iliyoingia na iliyotoka na iliyobaki, hata kama ni ndogo ya kuchekesha. Kama hakuna baraza jingine mahali penu, mwenyekiti wa kijiji akikubali, isomwe chini ya mwembe nje ya kanisa, Mwislamu na Mkristo na asiye na dini wakisikia pamoja, maana kisima ni cha wote.

Neno hilo la wote laturudisha kwa Isaka. Watumishi wake walipochimba bondeni walipata maji mazuri, na wachungaji wa Gerari wakaja kugombana nao. Kisima kile akakiita Eseki, yaani ugomvi. Wakachimba kingine, ugomvi tena, akakiita Sitna, yaani uadui. Akaondoka hapo akachimba cha tatu, na hicho hawakukigombania, akakiita Rehobothi, maana Mungu amewapa nafasi. Wako walitumiao fungu hili kuwafunga midomo maskini, wakisema, Mkristo akinyang'anywa na ahame, kama Isaka. Twawaomba wasome tena. Isaka aliweza kuhama kwa kuwa alikuwa tajiri. Alikuwa na watumishi wa kuchimba kisima cha pili na cha tatu. Mjane wa kijijini hana kisima cha pili. Mfugaji afikaye na ng'ombe mia wenye kiu wakati wa kiangazi, naye hana pa kwenda, huyu naye hana cha pili. Kwa hiyo kazi ya wazee ni kupatanisha kabla ya kiangazi, wakati watu wote wameshiba na maneno yao ni ya baridi: ng'ombe wanywe wapi, saa ngapi, kwa malipo gani, na birika lao lijengwe mbali kidogo na kisima, chini ya mteremko, ili mavi yasirudi katika maji ya kunywa. Shauri la namna hiyo likingoja mwezi wa Oktoba, hutolewa kwa fimbo.

Neno moja zaidi, nalo ni la paa. Tumeona makanisa mengi katika nchi kavu yenye bati zuri, na wanakwaya wake huenda kuteka maji mbali. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, katika nchi ipatayo milimita 600 kwa mwaka, hupokea lita 120,000. Ondoeni sehemu moja ya tano kwa yale yarukayo na yamwagikayo. Zabaki lita 96,000, ndizo ndoo 4,800. Sasa hivi hutiririka toka pembe za kanisa na kuchimba msingi wake. Tangi la kuyapokea yote ni ghali, twajua. Lakini hata tangi dogo la robo yake lawatosha watoto wa shule ya Jumapili, na wagonjwa wa zahanati iliyo karibu, kwa wiki nyingi. Mvua ya kwanza iachwe iende, ioshe mavumbi na mavi ya ndege. Kisha mfereji uelekezwe tangini, na tangi lifunikwe sana, mbu wasiingie. Usharika utakaofanya hivyo usiandike juu ya tangi jina la mchungaji. Isaka aliyafukua yale ya baba yake kwa jasho la watumishi wake, wala hakuvipa visima vile jina lake mwenyewe.

Limebaki swali lililo gumu kuliko yote, nalo hutuletea walimu mara kwa mara: itakuwaje kwa nyumba isiyoweza kuchanga kabisa? Kwa maana zipo, na kila mzee azijua. Yuko bibi aleaye wajukuu wanne ambao wazazi wao wamekufa. Yuko aliyepofuka kwa vikope vile tulivyovitaja. Kumwambia bibi huyo aende kuteka mtoni hali sisi twateka pampuni, hatuwezi. Kumwacha ateke bure mbele ya macho ya watu nako kuna sumu yake, maana wenye nguvu wataanza kusema, Mbona yeye. Na watoto wake watazomewa kwenye foleni. Twashauri hivi. Wazee wakae kimya kimya mara moja kwa mwaka, waandike nyumba hizo, zisiwe nyingi kupita kiasi, na fungu lao litoke katika sadaka ya diakonia, lipelekwe kwa mweka hazina wa maji pamoja na fedha ya wengine, siku ile ile. Jina la bibi liandikwe katika daftari mahali pake, kwa kufuata mpango wa nyumba, na mbele yake liandikwe neno lile lile lililoandikwa mbele ya jina la mwenyekiti wa kijiji: amelipa.